Mizani ya Nane

Dalali aliyenionyesha nyumba hii ya Kitengela alinieleza mengi. Alisema ukipanda juu ya paa jioni utaiona mbuga ya Nairobi. Utaiona kweli, vumbi likikuruhusu. Alisema maji ni ya kisima na hayajawahi kukatika. Alisema barabara ya Namanga iko karibu, na hilo sikuhitaji kuambiwa, maana tulikuwa tukizungumza kwa kupigiana kelele. Jambo moja alilinyamazia: kwamba ukuta wa kushoto anakaa mshairi, na ukuta wa kulia anakaa mwanafalsafa. Ningejua, angenipunguzia kodi.

Kuta za ploti yetu ni nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya, mimi ndiye ninayetafuta kitambaa.

Wa kushoto tunamwita Malenga. Kwao ni Mvita, lakini riziki imemleta huku bara, anashona suruali katika kiwanda kimoja cha nguo huko EPZ, Athi River. Huamka saa kumi alfajiri ili atunge kabla ya kwenda kazini. Kutunga kwake ni kwa vidole. Anahesabu mizani akigonga ukuta wangu: nane, kisha nane tena. Miaka mitatu sasa nalala nikigongewa kumi na sita kumi na sita. Kuna siku alishikwa na mafua, akagonga saba akaishia hapo. Nilizinduka, nikakaa kitandani nikiisubiri ya nane.

Wa kulia ni Mwalimu. Alisoma falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi enzi ambazo mwanafalsafa Odera Oruka alikuwa angali akifundisha, akahitimu vizuri, kisha akatoka kwenda kutafuta kazi ya falsafa. Leo ana duka la misumari, simiti na mabati. Ukienda kununua misumari ya inchi tatu atakuuliza unajenga nini. Ukimwambia kibanda cha kuku, atataka kujua kama kuku wenyewe waliulizwa. Huyu hagongi ukuta. Hutembea huku na huku, kandambili zikipiga sakafu hadi usiku wa manane, na mara mojamoja unasikia, "Lakini je..." Kisha kimya. Hakuna kinachomnyima mtu usingizi kama "lakini je" isiyomaliziwa.

Mmoja ananikeshesha hadi saa sita usiku, mwingine ananiamsha saa kumi. Hapo katikati ndipo mbwa wa Kitengela huingia zamu.

Mama watoto husema hawa wawili ni mtu mmoja aliyekodi nyumba mbili. Nilimbishia sana, hadi pampu ilipoungua.

Iliungua mwezi wa pili, jua likiwa kali hasa. Keateka wa ploti aliandika kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji: "Maji hakuna. Fundi anakuja." Kitengela, sentensi hiyo ya pili inaweza kuishi mwezi mzima bila kula. Kabla hatujaanza kumtukana fundi, Malenga alikuwa ameshatuma ubeti:

Keateka twasikia, pampu imeharibika,
Tangu Jumatatu pia, mitungi imekauka,
Wana wanatulilia, nguo hazijafulika,
Mwenye ploti fikiria, kodi haitakufika.

Mama watoto alisema ni mzuri. Mimi nilitaka kujua hilo neno "pia" linafanya nini pale. Tangu Jumatatu pia, na nini kingine? Nilimgongea nikamuuliza. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini nyumba ina nguzo. "Ndugu yangu," akasema, "hilo limeshikilia kina." Kwa hiyo ndani ya kila shairi la kimapokeo kuna neno moja ambalo halina kazi isipokuwa kusimama, mfano wa mlinzi wa benki mwenye rungu.

Saa tatu usiku Mwalimu naye akaandika. Aliandika mpaka simu ikaonyesha "soma zaidi", na huko ndani zaidi kukawa na zaidi nyingine. Kiini chake kilikuwa hiki: tunaposema maji hakuna, je, hayapo kabisa, au hayapo hapa tulipo? Maana maji yapo. Yako chini ya miguu yetu, mita mia mbili hivi, yametulia. Kilichoharibika si maji, ni uhusiano wetu nayo.

Keateka alijibu kwa kidole gumba. Hadi leo hatujui alimjibu nani.

Asubuhi nikatoka kwenda kumtafuta mwenye mkokoteni wa punda. Malenga alikuwa amenipa ubeti nisiouomba, Mwalimu amenipa swali lisilo na jibu, na mwenye punda akanipa bei: mtungi wa lita 20, shilingi 50. Siku ya kwanza. Siku ya nne ikawa 70, na punda hakuongezwa hata nyasi.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba baada ya ule ujumbe wa WhatsApp hawa wawili wakanuniana. Malenga alidai Mwalimu alimharibia ubeti kwa kuufuata na ushuzi wa maneno. Mwalimu alidai ubeti wenyewe haukusema lolote ambalo keateka hakulisema kwa maneno manne. Jioni nikamkuta Mwalimu mlangoni pake, nikamwambia, mzee mwenzangu, majirani hawanuniani kwa sababu ya pampu. Akasema ugomvi huu si wake wala si wa Malenga, waliurithi. Nikaketi juu ya mtungi mtupu nikasimuliwa.

Kumbe ulianza Athens. Mwaka 399 KK Socrates alishtakiwa na watu watatu, na mmoja wao, Meletus, alikuwa amekuja kwa niaba ya washairi. Kisa ni kwamba Socrates alikuwa na tabia ya kuwaendea washairi na mashairi yao mkononi, akiwauliza, hapa ulimaanisha nini? Akagundua kwamba wapita njia waliyaeleza mashairi yale vizuri kuliko wenyewe waliotunga. Hili sikuhitaji ushahidi. Muulize Malenga maana ya ubeti wake, atakusomea uleule kwa sauti ya juu zaidi. Basi mahakama ikamhukumu mzee wa watu, akanywa sumu akafa. Mwanafunzi wake Plato hakusahau. Alipokuja kuandika kitabu chake cha Jamhuri na kujenga humo mji wa ndoto yake, alipofika sura ya kumi akawafungia washairi lango. Wakaruhusiwa wa kusifu miungu na watu wema tu, yaani wa sherehe za serikali.

Mimi nikaona hili ni jambo la ploti kabisa. Jirani amemshtaki mzee wenu, nanyi mkikua na kujenga kwenu mnaandika getini: fulani na ukoo wake wasiingie.

"Na wanasema," Mwalimu akaongeza kwa sauti ya chini, "huyo Plato mwenyewe ujanani alikuwa akitunga. Akayachoma alipomsikia Socrates." Hapo nikamwelewa Plato barabara. Mtu anayewasumbua walevi kuliko wote ni yule aliyeacha pombe juzi. Tena hakuacha sawasawa, maana vitabu vyake vimejaa hekaya: mara watu wamefungwa pangoni wanatazama vivuli, mara askari amefufuka anasimulia ya ahera.

"Mwambie amalizie!" Sauti ilitoka ukutani kwangu, yaani upande wa pili wa nyumba yangu. Malenga alikuwa ameyasikia yote kupitia kuta mbili na sebule yangu. "Mwambie aseme Socrates alipofungwa jela alifanya nini!"

Mwalimu akajikuna kidevu. Ikabidi akiri: zile siku za mwisho gerezani, Socrates alikuwa akizigeuza hekaya za Aesop kuwa mashairi. Ndoto ilikuwa imemwamuru.

"Haya!" ukuta ukasema. "Mfungieni mlango, atoke na beti!"

Malenga hakutulia. Akamleta Abdilatif Abdalla, aliyeandika kijaratasi cha Kenya: Twendapi? mwaka 1968, akafungwa miaka mitatu, na humo gerezani akawa anatunga kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo ndiyo Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa 1973, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Nilidhani hapo Mwalimu amekwisha. Wapi! Akasimama kabisa. "Na kosa lake lilikuwa nini? Si kuuliza swali? Kichwa cha hicho kijaratasi ni swali! Huyo ni wetu!"

Wakaanza kumgombea Abdilatif juu ya kichwa changu, kama watu wawili wa Kitengela wenye hati mbili za ploti moja. Wakamgombea Shaaban Robert. Wakamgombea Muyaka, huyo Malenga alikataa hata kumjadili, ni mtu wa kwao. Walipofika kwa Kezilahabi ukuta ukanyamaza kidogo, kisha ukasema, "Huyo mchukueni." Malenga hajamsamehe kwa Kichomi ya 1974, mashairi yasiyo na vina wala mizani. Kwake yeye hiyo ni suruali isiyo na mishono. Mwalimu akampokea kwa mikono miwili: mtu aliyeandika tasnifu ya falsafa ya Kiafrika kule Wisconsin mwaka 1985 apelekwe wapi kwingine? Ila nilimwona akisita, kwa sababu mtu huyo huyo aliendelea kutunga hadi uzeeni.

Mimi nilichopata usiku ule ni kwamba mtungi mtupu ukiukalia saa mbili unaacha alama.

Nisionekane namwonea Mwalimu. Ana faida zake. Mwenye ploti alipokuja kudai kodi, sote tulijificha isipokuwa yeye. Alimpa kiti, akamweleza kwamba John Mbiti, mzaliwa wa Kitui kama yeye Mwalimu, aliandika mwaka 1969 katika African Religions and Philosophy kwamba Mwafrika wa jadi ana Sasa na ana Zamani, ila wakati ujao wa mbali hana. Ukivuka miezi michache, sana sana miaka miwili, huko mbele hakuna kitu. Sasa mtu atalipaje kodi tarehe tano ya mwezi ambao haupo? Mwenye ploti alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kisha akamwambia kodi anayoidai ni ya Zamani.

Malenga ndiye aliyenidokeza baadaye, kwa furaha isiyo ya kijirani, kwamba Mbiti alichapisha na diwani ya mashairi mwaka huohuo wa 1969. "Mwulize huyo Mbiti wake alikuwa ukuta gani," akasema.

Wiki ya tatu bila maji, wakwe zangu wakatangaza kwamba wanakuja. Bei ya mbuzi hapa mjini ni ya kumtisha mkwe yeyote, nikashauriwa niende Bissil siku ya mnada. Nilitaka kwenda peke yangu. Malenga akasema atanisindikiza, ana mapumziko. Mwalimu akasema naye ana shughuli huko: Odera Oruka alikuwa akienda vijijini kuwahoji wazee, akiwatenga wale wanaokariri busara ya jamii na wale wanaoihoji, na yeye Mwalimu anataka kumpata mmoja wa hao wa pili amrekodi kwenye simu. Kwa hiyo Probox yangu, ambayo spidi yake hupungua ikisikia neno "kupanda", ikabeba Athens yote.

Tulipopita Isinya, Malenga alivua kofia. Hapo ndipo alipopigwa risasi yule simba Mohawk, mwezi wa tatu 2016, baada ya kutoka mbugani. Akaanza kumwombolezea. Mwalimu akauliza kama ni simba aliyepotea njia au ni njia iliyompotea simba. Hakuna aliyetaja kwamba hiyo njia sasa ina ploti, na ploti zina sisi. Nikawasha redio.

Mjini Kajiado tukanywa chai. Nililipa mimi.

Soko la mifugo la Bissil lina vumbi lake maalumu, lenye harufu ya kwato na tumbaku. Nilimkuta mzee mmoja wa Kimaasai amesimama kwa mguu mmoja na fimbo, shuka nyekundu, viatu vya tairi, pembeni yake kijana ameshika kamba ya beberu mweusi mwenye kifua cheupe. "Sopa," nikasema. "Epa," akajibu, na hapo Kimaa changu kikaisha. Nikampapasa beberu mgongoni kama nilivyofundishwa, kidole kikitafuta uti wa mgongo. Hakikuhisi mfupa hata mmoja. Kilizama kwenye nyama. Nikakunja uso, nikasema, "Amekonda." Mzee akasema elfu nane na mia tano. Nikajua nikijikaza nampata kwa saba na nusu.

Hapo Malenga akamwona mbuzi.

"Allah! Tazama shingo hiyo! Tazama macho! Huyu si mbuzi, huyu ni bwana harusi!" Akamzunguka, akamsifu pembe, akamsifu ndevu, akamsifu mwendo, na mbuzi alikuwa amesimama. Mzee hakusema kitu. Alihamisha fimbo kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto, akasema, "Elfu kumi."

Mwalimu akaona aokoe jahazi. Akasogea na simu yake. "Mzee wangu, shikamoo. Nina swali. Unajuaje kwamba huyu mbuzi ni wako?"

Soko zima lilinyamaza, au mimi ndiye niliyeziba masikio. Huko Bissil, swali hilo huulizwa na polisi. Kijana aliyeshika kamba alikunja kamba mara moja mkononi. Lakini mzee akamshika beberu sikio, akalikunjua, akatuonyesha palipokatwa, alama ya ukoo. Kisha akaanza. Akasema mama wa huyu alipona ukame wa 2022, alipokuwa akila maganda na makatoni. Bibi yake alipona wa 2009, akarudi nyumbani peke yake siku kundi zima lilipolala njiani. Akasema yeye hakumfuga bibi huyo. Bibi huyo ndiye aliyemfuga yeye, kwa maziwa, yeye na watoto wanne. Alisema bila haraka, kwa Kiswahili cha kuokoteza, bila kina hata kimoja, na Malenga alikuwa ameacha mdomo wazi. Alipomaliza hakuwatazama wao. Alinitazama mimi.

"Wewe," akasema, "unataka mbuzi au unataka bei?"

Nililipa elfu tisa na mia tano. Mwalimu alinong'ona kwamba huyu ndiye, huyu hasa ndiye aliyekuwa akitafutwa na Oruka. Kisha akaitazama simu, akakuta hakuwa amebonyeza kitufe cha kurekodi.

Mzee alikuwa akihesabu noti zangu, alipoinua kidevu kuelekea vilima vya Maparasha, ambako wingu jeusi lilikuwa limeshuka. "Enkai," akasema.

"Mvua!" Malenga akapiga kofi.

"Mungu," Mwalimu akamsahihisha.

Wakabishana. Kila mmoja alikuwa na hakika, na kila mmoja alikuwa sahihi, kwa sababu Kimaa hutumia neno lilelile kwa vyote viwili. Mwishowe wakamgeukia mzee awaamue. Alimaanisha kipi kati ya hivyo viwili, mvua au Mungu? Mzee akawatazama mmoja mmoja, akarudia polepole kama anayeongea na watoto wa chekechea: "Enkai." Kisha akamwambia kijana ahamishe mbuzi waliobaki chini ya mabati.

Mvua ilitukamata kabla ya Isinya. Kufika Kitengela tukaacha lami, na ule udongo mweusi wa kwetu ukaishika Probox kama deni. Nilitoka kusukuma. Malenga hakuweza kusaidia kwa sababu alikuwa amempakata beberu. Mwalimu alikuwa na mikono mitupu, lakini alisema gari likisukumwa kabla ya kujua linakwama wapi, linazama zaidi. Nilisukuma. Likazama zaidi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko matope.

Tulifika kwa miguu, giza limeingia, na ploti yote ilikuwa nje. Sufuria, beseni, ndoo, hata karai la simiti, kila kitu kimepangwa chini ya paa kukinga maji. Mama watoto alinipa mtungi bila salamu. Nilikuwa nikiujaza nilipomwona Mwalimu, suruali ameikunja hadi magotini, amesimama chini ya mlizamu wa paa na ndoo mbili, midomo inacheza. Nikadhani anasali. Nikasogea. Alikuwa akihesabu kwa vidole kwenye ukingo wa ndoo.

Na Malenga? Huyo alikuwa amesimama katikati ya uwanja, beberu kamfunga kwenye nguzo ya kamba ya nguo, mvua inampiga, anatazama juu. Nikamwambia, ndugu yangu, leta beseni. Hakunisikia. "Lakini je," akasema, na hakumalizia.

Usiku ule keateka aliandika kwamba fundi anakuja. Mama watoto alilala mara moja. Mimi nikajinyoosha, mgongo unaniuma, beberu analia uani, mvua imetulia. Upande wa kushoto kukawa na kandambili, huku na huku. Kisha ukuta wa kulia ukagongwa, polepole, kama mtu asiyezoea: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba.

Nikakaa kitandani.